Mzinga wa KTBH katika shamba la kahawa: mahali unapolipa na mahali unapobaki mtupu

Mzinga wa KTBH (Kenya Top Bar Hive, yaani mzinga wa Kenya wa fito za juu) unauzwa Uganda kwa ahadi mbili. Ya kwanza ni asali. Ya pili, ambayo mkulima wa kahawa husikia zaidi siku hizi, ni kwamba nyuki watamwongezea magunia ya kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake, kwa kuchavusha mibuni yake. Ahadi ya kwanza mzinga huu unaitimiza vizuri. Ya pili inategemea kilichoota kuuzunguka, na hilo muuzaji hakuulizi.

Kwa hiyo alama zetu hazifanani. Kwa asali: 4 kati ya 5. Kwa uchavushaji wa kahawa ya robusta imebidi tutoe alama tatu tofauti. Shamba likiwa ukingoni mwa msitu, 2, kwa sababu kazi tayari inafanywa na nyuki usiowafuga. Likiwa katikati ya miwa au misonobari, 1, kwa sababu kundi litahama kabla mibuni haijachanua. Likiwa kati ya hali hizo mbili, yaani lina miti ya kivuli na magugu yenye maua ila msitu uko kilomita kadhaa, 4.

Chombo chenyewe

Herufi K katika jina hilo ni ya Kenya, ambako mzinga huu ulibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni sanduku refu lenye umbo la hori la ng'ombe: pande mbili ndefu zimelala nje, zikifanya pembe ya nyuzi 120 na sakafu. Mlalo huo una sababu. Sega linaloning'inia kwa kawaida hupungua upana kadiri linavyoshuka, na ubao ukifuata umbo hilo nyuki huacha nafasi badala ya kuligandisha pembeni. Ndiyo maana unaweza kuinua sega moja, kulitazama na kulirudisha bila kulikata kwa kisu. Urefu wa sanduku ni karibu sm 90, na juu yake hupangwa fito 26 hadi 28, kila mmoja ukiwa na urefu wa sm 48. Nyuki huning'iniza sega moja kwenye kila ufito.

Upana wa ufito ndio kipimo kinachoamua kama umenunua mzinga au umenunua sanduku la mbao. Unatakiwa uwe mm 32. Chukua tepu, panga fito kumi zikigusana, pima: upate mm 320. Ukipata 350, fundi amenakili vipimo vya nyuki wa Ulaya. Nyuki wetu huacha takriban mm 32 kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine, na hawatabadili tabia kwa ajili ya seremala. Kwenye ufito wa mm 35 wanapishana na mbao zako kwa mm 3 kila sega. Wakifika la tano wamepishana kwa mm 15, karibu nusu ya ufito, na sega linakaa juu ya fito mbili. Hapo huwezi tena kuinua kimoja bila kuvunja kingine. Masega yaliyovunjika yanamwaga asali, asali inaita siafu, na kundi linaondoka. Kasoro hii huharibu mizinga mingi, na haionekani kwa macho dukani.

Fito nyingi huuzwa zikiwa laini chini. Nyuki wanahitaji mstari wa kuanzia. Dai mfereji mwembamba katikati ya ufito, kisha jaza nta iliyoyeyushwa. Mstari wa mm 3 au 4 unatosha. Usimwage nta ufito mzima, kwani wataanza kujenga popote.

Mbao ziwe na unene wa mm 20 hadi 25. Musizi ni nyepesi na inafaa ikiwa chini ya paa zuri. Mikalitusi iliyopasuliwa ikiwa mbichi itajikunja ndani ya miezi michache, na pembe zitafunguka. Funga mzinga, uelekeze juani, chungulia ndani kupitia mlango: kila ufa unaopitisha mwanga ni njia ya sisimizi na nondo wa nta. Rangi ipakwe nje tu. Wapo wanaopaka oili chafu ya magari kuzuia mchwa. Ipake kwenye nguzo ikibidi, lakini isiguse sanduku, maana nyuki hawaingii ndani ya chombo kinachonuka gereji. Paa la bati lililolala moja kwa moja juu ya fito hugeuza mzinga kuwa tanuri saa sita mchana, na sega jipya, ambalo bado ni jeupe na laini, linaweza kukatika na kuanguka. Inua bati kwa vipande vya mbao ili upepo upite, na chini yake tandaza jamvi la mafunjo. Hayo ni matengenezo ya nusu saa, lakini tumewahi kuona mizinga michache sana iliyouzwa ikiwa nayo tayari.

Washindani wake ni wawili. Langstroth, mzinga wa viunzi uliopewa hataza Marekani mwaka 1852, hutoa asali safi zaidi na masega yake hurudishwa baada ya kukamuliwa, lakini inataka mashine ya kukamulia, wavu wa kumzuia malkia, na fundi asiyekosea, kwa sababu mfumo wake wote umesimama juu ya nafasi ya mm 6 hadi 9 ambayo nyuki huiacha wazi. Ikizidi wanajenga sega ndani yake, ikipungua wanaiziba kwa gundi, na viunzi havitoki tena. Mzinga wa gogo ni rahisi kwa bei na nyuki huukubali upesi. Ubaya wake ni kwamba uvunaji kwa kawaida huharibu masega ya watoto. Ila tuseme jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kwa uchavushaji, kundi lililo ndani ya gogo hufanya kazi sawa na kundi lenye nguvu ileile ndani ya KTBH. Ukiwa hutaki asali, hakuna sababu ya kulipia mbao zilizopigwa randa.

Kuutundika

Nguzo mbili, waya mbili, mzinga unaning'inia kimo cha kiuno, karibu mita 1 kutoka ardhini. Paka grisi sehemu ya waya, na uirudie kila mvua kubwa ikipita. Jani moja refu la nyasi linalogusa mzinga linafuta faida yote ya grisi, kwa hiyo fyeka chini yake mara kwa mara. Siafu wakiingia usiku, asubuhi hakuna kundi.

Usiuweke katikati ya mibuni. Kahawa huchumwa kwa mkono, na nyuki wa Afrika hawana subira na watu wanaotikisa matawi mbele ya mlango wao. Uweke pembeni mwa shamba, mita 100 au zaidi kutoka nyumbani, zizini na njiani, na panda ua wa mimea mrefu kuliko mtu mbele ya mlango ili nyuki wapae juu mara wanapotoka. Kaliandra inafaa kwa kazi hiyo na inawapa chakula pia. Shughuli za kufungua mzinga zifanywe jioni, moshi ukiwa wa baridi na wa kutosha.

Nyuki hawanunuliwi, wanaalikwa. Pasha nta moto upake ndani, sugua mlango kwa mchaichai, ambao harufu yake inakaribiana na ile nyuki wanayoitumia kuitana, na usubiri msimu wa makundi kugawanyika. Mzinga ukikaa mtupu misimu miwili mfululizo ilhali umetengenezwa sawasawa, usimlaumu fundi. Hiyo ni habari kuhusu eneo lako: hakuna makundi ya mwituni ya kutosha jirani, au hakuna cha kuyafanya yabaki.

Nyuki na robusta

Mbuni wa robusta haukubali chavua yake wenyewe. Chavua ikitua kwenye ua la mti uleule, au la mti mwingine wa kloni ileile (miti iliyooteshwa kwa vikonyo vya mti mmoja, si kwa mbegu), mrija wake huzuiwa na ua linadondoka bila tunda. Hali hii ni ya robusta. Arabica ya Elgon na Rwenzori hujirutubisha, ingawa nayo hufunga zaidi ikitembelewa na nyuki. Jambo hili lilikuwa dogo zamani, kila mbuni ulipotoka kwenye mbegu yake. Sasa ni kubwa. Mnyauko wa kahawa, ulioonekana Uganda mwaka 1993, uliua sehemu kubwa sana ya robusta, na dawa yake ikawa miche ya kloni zinazostahimili, zile za KR zilizotolewa na watafiti wa Kituza, Mukono. Mkulima akipanda ekari nzima kloni moja kwa sababu jirani aliisifu, anaweza kuzungukwa na mizinga hamsini na bado akapata maua mengi na buni chache. Nyuki watasafirisha chavua, lakini ni chavua ya mti uleule.

Kwa hiyo kabla ya kugusa pochi, hesabu kloni zako. Kwa nafasi ya futi 10 kwa 10, ekari moja hubeba mibuni karibu 435. Igawe kwa angalau kloni nne au tano zinazochanua pamoja, ukizipanga mstari kwa mstari na si kona hii kloni hii, kona ile kloni ile. Mibuni mikubwa ya kloni moja haina haja ya kung'olewa: ziba mapengo kwa kloni nyingine, au pandikiza kikonyo kwenye machipukizi baada ya kukata shina. Hakuna mzinga unaorekebisha kosa hili.

Kloni zikiwa sawa, linabaki swali la nani anabeba chavua. Upepo unabeba sehemu. Nyuki wanabeba nyingine, na hapa inafaa kukaribia tawi. Maua ya robusta hufunguka alfajiri, siku chache baada ya mvua ya kwanza inayokata kiangazi, yote kwa pamoja, na ndani ya siku mbili au tatu yamekuwa ya kahawia. Simama mbele ya tawi moja saa mbili asubuhi, bila kulitilia kivuli. Nyuki wa asali utamwona na kumsikia: anaanza ua moja, anahamia la pembeni, anamaliza kishada, anapanda kishada cha juu, na anaweza kukaa mti huohuo muda mrefu kwa kuwa chakula kimejaa. Tazama tena, karibu zaidi. Vijidudu vyeusi vya mm 2 au 3 ambavyo ungevidhania ni nzi wa matunda ni nyuki wadogo wasiouma. Katika mashamba ya kahawa ya Uganda ya kati ni miongoni mwa wageni wa kawaida kabisa wa ua hili. Halafu anapita mmoja wa kijani kibichi au mwenye mistari, anagusa maua mawili matatu, anaruka mti wa tatu. Huyu ni nyuki wa peke yake, asiye na kundi wala asali ya kurina. Kwa mmea unaohitaji chavua kutoka mti mwingine, huyo mrukaji ana thamani kuliko wingi wake unavyoonyesha.

Vipimo kutoka nchi nyingine vinaenda upande huohuo. Sulawesi, Indonesia, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kahawa ya arabica ikifunga karibu asilimia 60 ya maua pale palipokuwa na aina 3 za nyuki, na karibu asilimia 90 pale palipokuwa na aina 20. Kilichobadilisha matokeo ni aina, kuliko wingi wa nyuki. Costa Rica, mwaka 2004, mibuni iliyokuwa ndani ya kilomita 1 kutoka msituni ilitoa mavuno asilimia 20 zaidi, na buni zenye punje moja ya duara badala ya mbili zilipungua kwa asilimia 27. Hilo la punje moja mkulima anaweza kuliona mwenyewe. Ua likipata chavua pungufu, chumba kimoja cha tunda hubaki kitupu na punje iliyobaki hujaa duara. Kausha kiboko, koboa kilo moja, tenga za duara. Zikiwa chache sana, uchavushaji si tatizo lako kubwa. Zikiwa nyingi, na mibuni haikukosa maji wala mbolea, una sababu ya kuendelea kusoma.

Siku tatu za karamu, mwaka mzima wa njaa

Maua ya kahawa yanawalisha nyuki siku chache, mara mbili kwa mwaka katika ukanda wa Ziwa Viktoria. Siku zilizobaki, ambazo ni zaidi ya 350, mtu mwingine analipa gharama ya chakula chao. Mtu huyo ni msitu, kichaka, mpaka wa shamba na magugu. Kundi la nyuki wa Afrika likikosa mbochi, maji matamu ya maua, halivumilii kama wale wa Ulaya. Linakula akiba, linakusanyika, linahama zima zima na kukuachia masega. Hapo ndipo ahadi ya muuzaji inapovunjikia.

Miwa haimlishi nyuki. Hupeleka chavua yake kwa upepo, na kwa kawaida hukatwa kabla ya suala hilo. Misonobari hali kadhalika haina mbochi. Mikalitusi ina mbochi nyingi ikichanua, na asali yake ni nzuri, ila chini yake hakuoti kitu na nyuki wa peke yake hapati mahali pa kukaa. Migomba ya matoke inazaa bila kuchavushwa kabisa, lakini mkungu ukiachwa na ua lake la kiume unalisha nyuki na popo. Mkulima anayelivunja mapema kuzuia mnyauko wa bakteria yuko sahihi, basi azibe pengo hilo la chakula kwa mimea mingine.

Na chakula ni nusu ya habari. Nyuki wa asali anaruka kilomita 1 hadi 3 bila shida. Nyuki wadogo wasiouma hawaendi mbali hivyo; wale wadogo kabisa huzunguka mita mia chache tu. Wanaishi kwenye mashimo ya miti mizee, nyufa za kuta za udongo, vichuguu vilivyoachwa. Nyuki wengi wa peke yao hutaga ardhini, kwenye udongo mtupu usiochimbwa. Ng'oa mti mzee wenye tundu, sawazisha kichuguu, lima kwa jembe kila msimu chini ya mibuni, nawe umebomoa mji ambao KTBH haiwezi kuujenga, maana mzinga huu unamhifadhi nyuki wa aina moja tu.

Ndiyo maana msitu wa Mabira, wenye takriban kilomita za mraba 300 kati ya Kampala na Jinja, unaingia kwenye tathmini ya sanduku la mbao. Mwaka 2007 lilipotolewa pendekezo la kukata zaidi ya hekta 7,000 zake kwa ajili ya miwa, maandamano Kampala yalihusu mvua, ndege na utaifa. Kwa mashamba ya kahawa yaliyo pembezoni ilikuwa pia hoja ya umbali: shamba lililo mita 400 kutoka msituni lingeweza kuamka likiwa kilomita 5, bila mwenye shamba kuhama. Kitaifa hali imeshakwenda hivyo. Mwaka 1990 misitu ilifunika karibu asilimia 24 ya Uganda. Kufikia 2015 ilikuwa karibu asilimia 9. Sehemu kubwa ya iliyopotea ilikuwa kwenye ardhi ya watu binafsi, yaani vile vipande vidogo kati ya shamba na shamba ambavyo nyuki wa mita 300 walivitegemea.

Kwa shamba la kati, lile lililopata alama 4, mzinga unafanya kazi ukipewa wenzake. Mutuba, mugavu na musizi kwa kivuli chepesi. Mutuba wenyewe una simulizi yake ndani ya tunda: huchavushwa na kinyigu mdogo maalumu anayeingia ndani ya tunda hilo, na ndege wanaokula matunda hayo husambaza mbegu za miti mingine, ila mkulima huupanda kwa kigingi, kwa hiyo hahitaji kumngoja kinyigu. Mululuza na kaliandra kwenye mpaka. Parachichi mawili matatu. Na ssere, gugu ambalo kila mtu analing'oa, liachwe kati ya mistari kwa zamu: fyeka mstari mmoja, ruka mmoja, rudi baada ya wiki tatu. Kufyeka kunatosha, kuchimba kunaua mayai ya nyuki wa ardhini na kukata mizizi ya mbuni, ambayo mingi iko juu juu.

Dawa

Mzinga mzuri kuliko yote hufa kwa pampu ya mgongoni. Kimelea kinacholeta shida ni kijidudu cheusi kinachotoboa vijiti vya mbuni, na dawa inayotumika sana dhidi yake ina imidacloprid. Hiyo huingia ndani ya mmea na kusafiri hadi kwenye mbochi na chavua, kwa hiyo kupulizia jioni hakumwokoi nyuki anayekuja kesho. Umoja wa Ulaya uliizuia kutumika nje ya nyumba za vioo mwaka 2018. Mahali pa kuanzia ni kukata kijiti kilichonyauka, sm kadhaa chini ya tundu, na kukichoma siku hiyohiyo. Ukikitupa chini ya mbuni kijidudu kinatoka na kuendelea. Ikiwa lazima upulizie, iwe baada ya maua kudondoka na kabla ya machipukizi ya maua yajayo, na kwenye miti iliyoshambuliwa tu. Dawa za kugusa kama cypermethrin zinaua nyuki aliye juu ya ua papo hapo. Hizo usizifungue kabisa magugu yaliyo chini ya mibuni yakiwa yamechanua, hata kama mibuni yenyewe haina ua. Huko chini ndiko wanakokula.

Mazao ambayo mzinga huu hauyahusu

Wanaouza mara nyingine husema nyuki watasaidia "kila kitu shambani". Kakao ya Bundibugyo na Mukono huchavushwa na visubi wadogo wanaozaliwa kwenye majani yanayooza na vipande vya mgomba vilivyolala chini. Kwa kakao, rundo la migomba iliyokatwakatwa lina faida kuliko mizinga kumi. Vanila huku kwetu huchavushwa na binadamu, ua moja moja, kwa kijiti cha meno, asubuhi ileile linapofunguka, kwa ufundi uliogunduliwa na Edmond Albius kisiwani Réunion mwaka 1841. Yeyote aliyeifanya kazi hiyo anajua bei halisi ya kukosa mchavushaji. Nyanya na biringanya zinataka nyuki anayeshika ua na kulitetemesha ili chavua imwagike. Nyuki wa asali hawezi, nyuki bunzi anaweza. Huyo bunzi ndiye pia anayehitajika kwenye matunda ya pasheni, na nyumba yake ni gogo kavu, lile unaloligeuza mkaa. Kwa maboga, matikiti na alizeti ya Lira, KTBH inasaidia kweli.

Jaribio kabla ya kununua

Linahitaji nyuzi za rangi tatu, kipande cha chandarua, brashi ndogo na daftari. Chagua mibuni 5 iliyotawanyika shambani. Maua yakiwa bado yamefunga kama mishumaa midogo, chagua matawi 3 yanayofanana kwa kila mti na uhesabu maua yake yote. Tawi la kwanza livike chandarua kisichogusa maua. La pili liache kama lilivyo. La tatu liache wazi pia, lakini asubuhi yanapofunguka lichavushe kwa brashi, ukitumia chavua ya kloni nyingine inayochanua siku hiyo. Rudia asubuhi ya pili. Maua yakinyauka toa chandarua, la sivyo kinafuga ukungu. Baada ya wiki 6 hadi 8 hesabu vibuni vilivyoshika, gawanya kwa idadi ya maua.

Chandarua kinaonyesha kazi ya upepo. Tofauti kati ya tawi la kwanza na la pili ni kazi ya nyuki ulio nao tayari. Tofauti kati ya la pili na la tatu ndiyo nafasi pekee ambayo mzinga unaweza kuijaza. Ikiwa la pili na la tatu yanakaribiana, nunua mzinga kwa ajili ya asali, au nunua samadi. Ikiwa matawi yote matatu yamefunga vibaya, angalia maji na lishe ya mti kwanza. Ikiwa tawi la brashi limeshinda kwa mbali, angalia miti iliyolizunguka: kama yote ni kloni moja, brashi yako imeleta kloni ya mbali ambayo nyuki hawaifikii, na dawa ni miche. Kama kloni zimechanganyika vizuri, basi anza na mizinga 2 kwa hekta, pembeni mwa shamba, miezi kadhaa kabla ya maua ili kundi liwe limekua. Fanya jaribio lilelile msimu unaofuata, kwenye mibuni ileile, kabla hujalipia mzinga wa tatu.